Kompyuta Ikiganda Katikati ya Huduma: Kwa Nini Kitufe cha Kuzimia Kiwe cha Mwisho

Mwananchi anayefuata huduma katika ofisi ya kata, zahanati, shule au steshenari ya jirani hukutana na jambo hili mara kwa mara. Karani yumo katikati ya kujaza taarifa zake, ghafla kishale cha kipanya kinasimama, herufi hazitokei tena, na skrini inabaki kama picha iliyobandikwa ukutani. Foleni huanza kunung'unika, na haupiti muda mrefu kabla sauti kutoka nyuma haijashauri: "Si uizime tu uiwashe!"

Ushauri huo una ukweli ndani yake, kwa kuwa kuwasha upya huondoa hitilafu nyingi za kompyuta. Hata hivyo, namna ya kuzima na wakati wa kuzima ndivyo vinavyoamua iwapo taarifa za mwananchi zitakuwapo mashine itakapowaka, na wakati mwingine iwapo mashine yenyewe itawaka. Karani anayeomba dakika kumi kabla ya kugusa kitufe cha kuzimia si lazima awe mzembe au asiyejua kazi. Mara nyingi analinda kazi ya yule aliye mbele yake, na ya waliohudumiwa kabla yake siku hiyo.

Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi kompyuta zenye mfumo endeshi wa Windows, ambazo ndizo zilizoenea ofisini na katika steshenari. Yanamfaa pia mwanafunzi, mfanyabiashara au kikundi cha kijamii kinachotunza hesabu zake katika kompyuta ya nyumbani.

Meza ya karani na kabati la masjala

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka kazi. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo hufanya kazi kwa haraka sana lakini hutegemea umeme kila sekunde. Pa pili ni diski, ambayo hutunza kilichoandikwa hata umeme usipokuwapo. Anayeifahamu ofisi ya masjala atalielewa hili bila shida. Kumbukumbu ya muda ni meza ya karani, mahali ambapo majalada yamefunguliwa na kalamu inaandika. Diski ni kabati, mahali ambapo jalada lililokamilika hurudishwa na kufungiwa. Kila kinachoonekana kwenye skrini kikiwa hakijahifadhiwa bado kiko mezani. Umeme ukikatika, meza husafishwa mara moja, na hakuna fundi awezaye kurudisha kilichokuwa juu yake iwapo hakikuwa na nakala.

Hasara hiyo wengi wanaifahamu. Isiyofahamika sana ni ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi. Ili kufanya kazi haraka, mfumo wa kompyuta hauandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Hukusanya maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda kisha huyapeleka kwa mafungu. Mtumiaji anaweza kuona faili limehifadhiwa, kumbe sehemu yake ingali njiani. Zaidi ya hayo, diski ina orodha yake ya ndani inayoonyesha kila faili limeanzia wapi na limeishia wapi, mfano wa leja ya masjala. Mashine ikizimwa kwa nguvu wakati leja hiyo inaandikwa, linaloharibika huenda lisiwe faili lililokuwa wazi tu. Huenda likawa jingine kabisa ambalo halikuguswa siku hiyo, au mojawapo ya mafaili ambayo Windows yenyewe huyahitaji ili iwake.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba hatari hii imepungua kulinganisha na miaka iliyopita. Mfumo wa mafaili unaotumiwa na Windows hutunza kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, na baada ya kuzimwa ghafla huirejea kumbukumbu hiyo na kurekebisha leja. Diski za kuzunguka, ambazo sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, nazo huunda njia ya kukiondoa kichwa cha kusomea na kukiweka mahali salama umeme unapopotea. Lakini kupungua kwa hatari hakumaanishi kuisha. Urekebishaji huo huokoa leja. Haurudishi maneno ambayo hayakuwahi kufika kwenye diski.

Kusubiri nako ni hatua

Kompyuta nyingi zinazodhaniwa kuwa zimeganda zinafanya kazi, ila zimezidiwa. Windows huandika maneno "Not Responding" juu ya dirisha, yaani programu haijibu, baada ya programu hiyo kukaa kimya kwa sekunde tano tu. Sekunde tano ni chache mno kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo iliyofunguliwa kivinjari, jedwali kubwa la hesabu na printa kwa wakati mmoja. Aliyeona maneno hayo hajaelezwa kwamba programu imekufa. Ameelezwa kwamba haijapata nafasi ya kumjibu.

Zipo ishara za kutofautisha mashine iliyozidiwa na iliyoganda kweli. Kompyuta nyingi zina taa ndogo ya diski. Taa hiyo ikipepesa, kuna maandishi yanayosomwa au kuandikwa, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kukata umeme. Ishara ya pili ni kitufe cha Caps Lock, kile kinachobadili herufi kuwa kubwa. Ikiwa kibodi ina taa yake na taa hiyo inawaka na kuzima kila kitufe kinapobonyezwa, mfumo bado unaisikia kibodi na upo uwezekano mkubwa wa kuiokoa kazi. Taa isipobadilika hata baada ya dakika kadhaa, matumaini yanapungua.

Wakati wa kusubiri, kinachodhuru ni papara. Kila mbofyo wa kipanya na kila kitufe kinachobonyezwa huwekwa kwenye foleni ya maagizo. Mtumiaji aliyebofya "tuma" mara nane kwa hasira anaweza kujikuta ametuma mara nane mashine inapozinduka, au amefungua madirisha manane ya programu ileile iliyoilemea tangu mwanzo. Dakika tano hadi kumi bila kugusa kitu ni muda wa kutosha kwa hali nyingi. Iwapo kuna mwananchi anayesubiri, muda huo unaweza kutumika kuandika taarifa zake kwenye karatasi, ili lolote litakalotokea asirudie kuulizwa.

Kuganda kwa programu na kuganda kwa mashine

Swali linalofuata ni iwapo kilichoganda ni programu moja au mashine nzima. Kishale kikitembea na saa iliyo pembeni mwa skrini ikiendelea kubadilika, tatizo ni la programu. Hapo hakuna haja ya kuizima kompyuta hata kidogo. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zote zinazoendelea. Programu iliyokwama huchaguliwa, kisha huamriwa ifungwe kwa kubofya "End task". Kazi ya programu hiyo ambayo haikuhifadhiwa itapotea, lakini za programu nyingine zitasalimika. Kabla ya kufanya hivyo ni busara kwenda kwenye madirisha mengine yanayoitika na kuhifadhi kila kilichomo, kwa maana programu moja kugoma mara nyingi ni dalili kwamba mashine yote imeelemewa. Kwenye kompyuta za Apple, orodha kama hiyo hufunguliwa kwa vitufe vya Command, Option na Esc.

Kama dirisha hilo halifunguki, hujaribiwa vitufe vitatu maarufu kuliko vyote, Ctrl, Alt na Delete. Historia yake inastahili kutajwa, maana inaeleza kwa nini vimewekwa mbali mbali. Vilibuniwa na mhandisi David Bradley, mmoja wa kundi la wahandisi wa IBM walioiunda kompyuta binafsi ya kampuni hiyo huko Boca Raton, Florida, iliyotoka mwaka 1981. Bradley alihitaji njia ya kuwasha upya mashine wakati wa majaribio bila kuzima umeme kila mara, na vitufe vilichaguliwa makusudi ili mtu asiweze kuvibonyeza kwa bahati mbaya. Wakati ule kompyuta iliwaka upya papo hapo, bila kuuliza swali. Wapo watumiaji wa siku nyingi wanaoviogopa vitufe hivi hadi leo kwa sababu hiyo. Woga huo hauna msingi tena: katika Windows za sasa vitufe hivyo hufungua ukurasa wenye chaguo kadhaa, na hakuna kinachofungwa mpaka mtumiaji achague mwenyewe.

Mara nyingine mashine ni nzima na kilichokwama ni upande wa picha tu: skrini imekuwa nyeusi au imesimama, lakini muziki unaendelea kusikika au taa ya Caps Lock inaitika. Kwenye Windows 10 na 11, kitufe chenye alama ya Windows kikibonyezwa pamoja na Ctrl, Shift na herufi B huuanzisha upya upande wa picha bila kufunga programu yoyote. Skrini hupepesa na mlio mfupi husikika. Ni njia isiyojulikana sana, nayo huokoa kazi ambayo vinginevyo ingetupwa.

Jambo jingine jepesi ni kuchomoa vifaa vilivyochomekwa, hasa printa, skana au simu inayochajiwa kwenye kompyuta. Kifaa kibovu kinaweza kuifanya mashine yote imsubiri. Flashi haimo katika ushauri huu. Ikiwa kuna faili linalonakiliwa kwenda kwenye flashi, kuichomoa ni kukata maandishi katikati, na flashi nyingi hutumia mfumo wa mafaili usio na ile kumbukumbu ya mabadiliko inayoilinda diski ya ndani. Flashi iliyochomolewa kwa pupa inaweza kufunguka mara nyingine ikiwa tupu.

Kuwasha upya kwa utaratibu

Ikiwa mashine inaitika, hata kwa uzito, njia salama ni kuiamuru yenyewe iwake upya. Pembeni chini ya ule ukurasa unaofunguliwa na Ctrl, Alt na Delete kuna alama ya umeme. Humo huchaguliwa "Restart". Kipanya kisipotembea, kitufe cha Tab na mishale ya kibodi vitaifikia alama hiyo, na kitufe cha Enter kitathibitisha. Mfumo utaziarifu programu zote zijifunge, utamalizia maandishi yaliyobaki njiani, kisha utawaka upya. Ukitoa ujumbe kwamba kuna programu inayozuia kuzima, ujumbe huo husomwa kwanza. Mara nyingi ni faili ambalo halijahifadhiwa likiomba nafasi ya mwisho.

Hapa lipo jambo linalowapotosha watu wengi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuchagua "Shut down" na kuchagua "Restart" si kitu kimoja. Ili kompyuta iwake haraka asubuhi, Windows inapozimwa kwa kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha jinsi kilivyokuwa itakapowashwa. Maana yake ni kwamba hitilafu iliyokuwa ndani ya kiini hicho inaweza kulala na kuamka nayo. "Restart" huanza kila kitu upya. Ndiyo sababu mtu anaweza kulalamika kwamba amezima na kuwasha mara tatu bila mafanikio, ilhali kuwasha upya mara moja kungetosha.

Kitufe chenyewe

Kuna wakati yote hayo hushindikana. Kishale hakitembei, taa ya Caps Lock haibadiliki, taa ya diski imetulia, na dakika kumi zimepita. Hapo ndipo kitufe cha kuwashia hutumika, nacho kina namna mbili za kubonyezwa ambazo matokeo yake ni tofauti kabisa.

Kubonyeza mara moja na kuachia ni ombi. Mfumo ukiwa na uhai wowote, utaanza kuzima kwa utaratibu au kulala, kutegemea ulivyopangwa. Hivyo inafaa kujaribu ombi kwanza na kungoja dakika moja au mbili. Kushikilia kitufe ni amri ya kukata umeme bila kuuliza. Kompyuta za sasa hutii amri hiyo kitufe kikishikiliwa kwa zaidi ya sekunde nne, na baadhi huhitaji sekunde kumi au zaidi. Kidole hakiondolewi mpaka feni inyamaze na taa zizimike. Baada ya hapo mashine huachwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara moja.

Kuchomoa waya ukutani hufanywa tu ikiwa kitufe chenyewe hakifanyi kazi. Kwa kompyuta mpakato, kuchomoa waya hakusaidii chochote kwa sababu betri ipo, na nyingi za siku hizi hazina betri inayotolewa kwa mkono. Kulazimisha kifuniko chake kifunguke kumewaingiza watu gharama kubwa kuliko tatizo lenyewe.

Ipo hali moja ambayo kitufe hakiguswi hata foleni iwe ndefu namna gani. Skrini ikionyesha kwamba mfumo unasasishwa, kwa maneno ya kuonya kwamba kompyuta isizimwe, mashine haijaganda. Inabadilisha mafaili yake yenyewe, na kwa kompyuta ya zamani yenye diski ya kuzunguka kazi hiyo inaweza kuchukua nusu saa, saa nzima au zaidi, huku asilimia zikionekana kusimama mahali pamoja. Kukatisha hapo kunaweza kuiacha bila mfumo wa zamani wala mpya. Tahadhari ni kubwa zaidi kwa usasishaji wa programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule unaofanyika kabla Windows haijaanza. Huo ukikatizwa, mashine huenda isionyeshe hata herufi moja kwenye skrini, na kuirekebisha kunahitaji vifaa ambavyo mafundi wengi wa mitaani hawana. Kompyuta mpakato inayosasishwa iwekwe kwenye chaji kabla ya kuanza, wala isianzishwe saa ya wingu zito na radi.

Ombi lililotumwa likakatizwa

Mashine ikiwaka, kazi haijaisha. Ikiomba kukagua diski, ni vyema iachwe ikague, ingawa kuna kitufe cha kuruka hatua hiyo. Programu ya Word, kwa kawaida yake, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na ikifunguliwa baada ya ajali huonyesha nakala hizo pembeni. Wengi huzifunga kwa haraka wakidhani ni usumbufu. Nakala hizo hufunguliwa kwanza, hulinganishwa na faili la asili, na iliyo kamili zaidi huhifadhiwa kwa jina jipya.

Suala zito zaidi kwa mwananchi ni la huduma za mtandaoni. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira, ya leseni ya biashara na ya kutengenezewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba, hayakai kwenye kompyuta ya steshenari. Hukaa kwenye seva iliyo mbali. Kompyuta ikiganda baada ya kitufe cha kutuma kubofywa, yapo mambo mawili yanayowezekana: ombi halikufika, au lilifika ila jibu ndilo halikurudi. Kwa kuiangalia skrini iliyoganda hakuna awezaye kujua ni lipi. Anayejaza upya bila kuhakiki anaweza kujitengenezea maombi mawili au madai mawili ya malipo, kisha akahangaika kufuta moja.

Kwa hiyo mashine ikiwaka, hatua ya kwanza ni kuingia kwenye akaunti ya mwombaji na kuangalia hali ya ombi, pamoja na kupitia ujumbe mfupi wa simu na barua pepe. Vivyo hivyo kwa malipo: hakuna kulipa mara ya pili kabla ya kuhakiki kama ya kwanza yalipokelewa. Mwombaji mwenyewe ndiye atakayeumia, hivyo ni haki yake kumtaka mhudumu ahakiki mbele yake. Pia akumbuke kutoka kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka. Vivinjari hupenda kurudisha kurasa zilizokuwa wazi kabla ya ajali, na mteja anayefuata katika steshenari anaweza kukuta ukurasa wa mwenzake ungali wazi, wenye namba ya kitambulisho na majina ya wazazi.

Upo pia mgando wa uongo. Ukurasa hujaza skrini yote, pengine kwa sauti ya king'ora, ukidai kwamba kompyuta imefungwa kwa sababu ya virusi na kutoa namba ya simu ya kupigwa. Hakuna kilichofungwa, ni tovuti ya matapeli. Kitufe cha Esc kikishikiliwa kwa sekunde chache mara nyingi huurudisha ukurasa kwenye ukubwa wa kawaida, na ikishindikana kivinjari hufungwa kwa Task Manager. Kikifunguliwa tena na kuuliza iwapo kirudishe kurasa za awali, jibu ni hapana. Namba hiyo haipigwi, na hakuna pesa inayotumwa.

Mgando unaojirudia

Kompyuta inayoganda mara moja kwa mwezi haihitaji tiba. Inayoganda kila siku inalalamika juu ya kitu, na katika mazingira ya kata nyingi cha kwanza kuangaliwa ni vumbi. Vumbi likiziba matundu ya hewa, joto hupanda, mashine hupunguza kasi ili kujilinda, na mwishowe hujizima. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro au kitenge huziba matundu yake hata bila vumbi. Kingine ni diski iliyojaa hadi pomoni, ambayo huinyima Windows nafasi ya kufanyia kazi. Diski inayotoa mlio wa kugonga gonga ni habari nyingine. Hiyo inakaribia kufa, na kilicho muhimu hunakiliwa mahali pengine siku hiyo hiyo, kabla ya jaribio lolote la kuitengeneza. Kwa kompyuta za mezani, kifaa cha kutunza umeme wa dharura humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Dakika hizo si za kuendelea na kazi.

Tatizo lisipoisha katika ofisi, shule au kituo cha afya cha umma, taarifa hupelekwa Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri, ikieleza saa lilipotokea, programu zilizokuwa wazi, na maneno yoyote yaliyoonekana kwenye skrini. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu humsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu, mradi isionyeshe taarifa za mwananchi. Kompyuta yenye taarifa hizo haipelekwi kwa fundi wa mtaani bila ridhaa ya Kitengo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kuzitunza azilinde.

Kwa mwenye kompyuta yake binafsi, fundi wa mtaani ni msaada mkubwa, ila kuna neno la kumwambia kabla hajafungua kifuniko. Mafundi wengi, wakikutana na mashine isiyowaka, hufomati diski na kuweka Windows mpya kwa sababu ndiyo njia ya haraka, na mteja huirudisha nyumbani mashine inayong'aa ikiwa haina picha, barua wala hesabu hata moja. Mara nyingi diski ya kompyuta isiyowaka ni nzima kabisa. Inaweza kutolewa, kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine na kunakiliwa yote. Mteja amwambie fundi wazi kwamba diski isifomatiwe kabla mafaili hayajanakiliwa, maagizo hayo yaandikwe kwenye stakabadhi ya kupokelea kifaa, na yeye mwenyewe ayafungue mafaili hayo dukani na kuyaona kabla ya kulipa.